Riwaya za Mapenzi na za Majoka: Kwa Nini Zinanoga, na Zinampa Nini Mtu Aliyechoka

Hapa Leicester mvua haijui likizo. Katika ukurasa huu tumeshazungumza sana kuhusu presha, sukari, chumvi kwenye mchuzi, na vitamini D kwa sisi wenye ngozi nyeusi tunaoishi kwenye nchi zenye jua la kuazima. Leo naomba tuweke vipimo pembeni kidogo. Nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalifanya kwa kujificha, nalo ni kusoma riwaya za mapenzi, pamoja na zile riwaya za majoka, wachawi na falme ambazo hazimo kwenye ramani yoyote.

Kilichonisukuma kuandika ni mama mmoja wa Tanga tunayeishi naye mtaa mmoja. Yeye anafanya shifti za usiku kwenye nyumba ya kulea wazee. Akirudi asubuhi analala saa mbili, tatu zikizidi sana, halafu macho yanabaki kodo. Anashika simu. Kwenye simu kuna nini? Nani kafariki, nani anaomba ada, picha ya ajali ya basi, na shangazi anayelalamika kwamba watu wa Ulaya mmetusahau. Mpaka adhuhuri kichwa kinamgonga. Sasa mfanyakazi mwenzake akamwazima kitabu kinene cha majoka na mapenzi. Akaanza kukisoma kwenye basi, kisha jikoni, kisha kitandani. Mumewe akamcheka: "Mama Asha, umri huu na hadithi za majoka? Si ungesoma hata vitabu vya unesi ukapata cheti!" Naye akamjibu: "Baba Asha, wewe ukitazama mpira kila Jumamosi unapewa cheti gani?"

Mzee wa watu akanyamaza. Lakini mama mwenyewe hakunyamaza moyoni. Alinifuata jikoni kwenye shughuli moja ya arobaini, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa: "Dada, lakini ni kweli napoteza muda?"

Jibu langu lilikuwa hapana. Lakini "hapana" peke yake haimtoshi mtu anayejisikia mkosaji, kwa hiyo leo nalieleza kwa urefu.

Gazeti juu ya jalada

Kama ulisoma sekondari ya bweni, iwe Tanga, Machakos au Bukoba, bila shaka unavikumbuka vile vitabu vidogo vyembamba vya Mills & Boon. Jalada lilifunikwa gazeti ili mwalimu wa zamu adhani ni jiografia. Kitabu kimoja kilisomwa na bweni zima, na kikirudi kwa mwenyewe kurasa fulani zilikuwa zimelegea kuliko nyingine. Kampuni ile ilianzishwa London mwaka 1908, na mwaka 1971 ilinunuliwa na Harlequin ya Kanada. Baadaye kwetu Tanzania zikaja hadithi za mfululizo kwenye magazeti, kama zile za Eric Shigongo, ambazo zilikatwa pale pale unapotaka kujua, chini yake neno "itaendelea". Watu walikuwa wanamngojea muuza magazeti kama mgonjwa anavyomngojea daktari!

Pamoja na utamu wote huo, tulifundishwa kuona aibu. Riwaya ya mapenzi ni ya wasichana wasio na kazi. Hadithi ya majini ni ya watoto. Cha kushangaza ni kwamba tamaduni zetu wenyewe zimejaa vitu hivyo hivyo. Bibi zetu walitusimulia mazimwi. Shaaban Robert, ambaye hakuna anayemwita mtoto, mwaka 1952 alitoa "Adili na Nduguze", ambamo ndugu wawili wenye husuda wanageuzwa manyani, na Adili, ndugu yao waliyemdhulumu, anaamriwa awapige kila usiku. Anawapiga, na roho inamuuma. Hiyo ni njozi tupu, lakini niambie kama humjui mtu ambaye kila usiku moyo wake unapigana na ndugu zake waliomdhulumu kiwanja.

Mwisho unajulikana, sasa raha iko wapi?

Hili ndilo swali ambalo watu wasiosoma riwaya za mapenzi wanapenda kuuliza. Ukurasa wa kwanza tu unajua huyu atampata yule. Sasa kurasa mia tatu za nini?

Nami nakuuliza: harusini unajua bibi harusi ataolewa, au hujui? Unajua. Kadi umepewa mwezi mzima kabla. Mbona unakaa mpaka usiku wa manane? Kwa sababu hukuja kujua kama ataolewa. Umekuja kuona anavyoingia, mama yake atalia wakati gani, wifi gani atanuna, na ngoma itakavyopamba moto.

Mtaalamu mmoja wa Marekani, Pamela Regis, aliandika kitabu mwaka 2003 akichambua riwaya za mapenzi tangu za zamani, akaona zina hatua nane zinazojirudia. Sitakuchosha na zote. Ya muhimu ni kizuizi, yaani kile kinachowatenganisha wapendanao, na baada yake kuna hatua ambayo yeye anaifananisha na kifo: pale ambapo kila kitu kinaonekana kimekwisha, na msomaji anashika kifua. Raha yote imefichwa hapo. Moyo wako unaenda mbio kweli, machozi yanatoka kweli, lakini mahali fulani ndani kabisa unajua kwamba hutaachwa. Ni wasiwasi wenye dhamana.

Sasa jiangalie wewe mhamiaji. Maisha yako yana wasiwasi usio na dhamana hata kidogo. Barua ya Uhamiaji inaweza kuja na ndiyo au hapana. Shifti zinaweza kukatwa wiki ijayo. Mama ni mgonjwa na nauli haijatimia. Mwili wako umekaa mkao wa kungojea habari mbaya kwa miaka. Unapompa mwili huo hadithi ambayo inatisha halafu inafungua, unaupa kitu ambacho hauupati kwingine: nafasi ya kukaza na kulegeza. Mazoezi ya misuli yanafanya hivyo hivyo, ukaze kisha uachie.

Na kujua mwisho hakuui raha. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliwapa watu hadithi fupi, wengine wakiwa wameambiwa mwisho mapema, na walioambiwa walizifurahia zaidi kidogo. (Niseme ukweli: tafiti za baadaye zilipata majibu tofauti, kwa hiyo usiende kumwambia mtu mwisho wa tamthilia yake kwa hoja kwamba nimesema mimi.)

Mwalimu wa nyumbani

Nichukue mfano mmoja niujuao vizuri. Kitabu kinaitwa "Jane Eyre", aliandika Charlotte Brontë, kikatoka mwaka 1847 kwa jina la kujificha, Currer Bell. Usikiogope kwa sababu ni cha zamani. Kuna matoleo yaliyofupishwa kwa Kiingereza chepesi karibu kila maktaba.

Jane ni yatima. Analelewa na mke wa mjomba wake asiyempenda, anapelekwa shule ya baridi na njaa, na mwishowe anapata kazi ya kumfundisha mtoto kwenye nyumba kubwa ya mtu. Mshahara paundi 30 kwa mwaka, kula na kulala humo humo. Umeshaanza kuelewa kwa nini nakisifia kwako wewe? Huyu ni mfanyakazi wa ndani. Anaishi kwenye nyumba isiyo yake, anakula akiwa amekaa pembeni, wageni wakija wanazungumza kana kwamba yeye ni kiti. Dada yangu uliyeko Muscat au Doha, au wewe unayewaogesha wazee hapa Uingereza huku watoto wao wakikupita bila salaam, unamjua Jane kuliko profesa anavyomjua.

Halafu mwenye nyumba, Bwana Rochester, anarudi kutoka safari, anaanza kuzungumza naye jioni mbele ya moto. Si mzuri wa sura, na Jane naye si mzuri wa sura. Kitabu kinasema hivyo waziwazi. Lakini anamsikiliza. Anamwuliza anafikiri nini. Hapa ndipo penye siri ya riwaya nyingi za mapenzi, na haihusiani sana na mabusu. Ni utamu wa kuonwa. Mtu ambaye dunia nzima inampita anaangaliwa na mtu mmoja, na mtu huyo anaona kuna akili, kuna mzaha, kuna roho ndani. Nani kati yetu hajawahi kulitamani hilo siku ambayo meneja amekosea jina lake kwa mara ya kumi?

Kizuizi kinakuja kanisani siku ya ndoa yenyewe: Rochester ana mke, kamfungia ghorofa ya juu, na amepata wazimu. Jane anaweza kubaki awe mchumba wa siri, ale vizuri, avae hariri. Anaondoka alfajiri, karibu mikono mitupu, analala nje, anaomba chakula. Mimi mara ya kwanza nilikasirika nikafunga kitabu. Siku tatu sikukigusa! Nilipokifungua tena nikaelewa kwamba utamu wa kurudi kwake unatoka kwenye ugumu wa kuondoka kwake. Anakuja kurithi paundi 20,000, anawagawia binamu zake watatu sawa kwa sawa, na anaporudi kwa Rochester nyumba imeungua, mke amekufa katika moto huo, na mzee amepoteza macho na mkono mmoja. Sasa hakuna bwana na mtumishi tena. Jane anarudi akiwa na fedha zake na hiari yake.

Nakuomba usimpite haraka yule mke wa darini. Anaitwa Bertha, aliletwa Uingereza kutoka Jamaika. Ni mhamiaji, kwenye nyumba ya baridi, amefungiwa, hana wa kuzungumza naye. Kitabu cha Jane hakimhurumii vya kutosha. Mwaka 1966 mwandishi Jean Rhys, mzaliwa wa Dominica, alimwandikia riwaya yake mwenyewe, "Wide Sargasso Sea". Nimewajua wanawake wawili, watatu katika miaka yangu huku ambao hawakufungiwa kwa kufuli, lakini pasipoti ilikuwa kwenye droo ya mume na hawakujua hata namba ya basi. Ukisoma vitabu hivi viwili mfululizo, hutamtazama jirani asiyetoka nje kwa jicho la zamani.

Tukiwa hapo hapo, watafiti wa Kanada (Fong, Mullin na Mar) walichapisha mwaka 2013 uchunguzi uliolinganisha wasomaji wa aina nne za riwaya, wakapima uwezo wa kutambua hisia za watu wengine. Aina iliyohusiana zaidi na uwezo huo ilikuwa ni riwaya za mapenzi, zile zile zinazochekwa. Haithibitishi kwamba kitabu ndicho kilichowafanya wawe hivyo, huenda wenye hisia ndio wanaovipenda. Lakini kwa anayesema zinapumbaza, basi alete na yeye uchunguzi wake.

Kutoroka si dhambi

Sasa majoka. Watu wanasema riwaya za njozi ni kutoroka maisha. J.R.R. Tolkien, aliyeandika "The Lord of the Rings" (1954 hadi 1955), alilijibu hilo katika mhadhara wake wa mwaka 1939 katika Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland. Kwa maneno yangu mimi: alisema wanaolaumu wanachanganya mfungwa anayetaka kurudi kwao na askari anayekimbia vita. Mfungwa akifikiria kitu kingine zaidi ya kuta na askari jela, ana kosa gani?

Mtu huyu hakuwa akizungumza hewani. Alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, akapelekwa Uingereza mdogo, akafiwa na baba akiwa na miaka minne na mama akiwa na miaka kumi na miwili. Mwaka 1916 alikuwa kwenye mapigano ya Somme, akatolewa akiwa mgonjwa wa homa ya mahandaki.

Raha ya kwanza ya njozi ni kwamba dunia ile ina kanuni. Wengi wanadhani ni kinyume, kwamba kwa kuwa kuna uchawi basi lolote linaweza kutokea. Hapana! Ikiwa lolote linaweza kutokea, hadithi inachosha kama ndoto ya mtu mwingine. Katika njozi nzuri uchawi una bei. Pete ya Frodo inakuficha usionekane, lakini kila ukiivaa inakula sehemu yako. Katika "A Wizard of Earthsea" ya Ursula K. Le Guin (1968), kijana Ged, mwenye ngozi ya kahawia nyekundu, anafanya uchawi kwa majivuno na kuachilia kivuli kinachomwinda baharini kote. Anakimbia na kukimbia. Mwishowe anageuka, anaanza kukifuata yeye, na akikifikia anakiita kwa jina lake mwenyewe. Nimekaa kwenye mafunzo mengi ya afya ya akili yenye karatasi za rangi na biskuti, lakini sijasikia mtu akieleza hofu vizuri kuliko hapo.

Raha ya pili ni kuwa mmoja wao. Mwaka 2011 Shira Gabriel na Ariana Young wa Chuo Kikuu cha Buffalo, Marekani, waliwapa wanafunzi wasome kwa nusu saa, wengine "Harry Potter", wengine "Twilight" ya wanyonya damu. Waliosoma habari za wachawi walianza kujihisi, kwa namna isiyo ya kusema wazi, kama wachawi. Wa wanyonya damu vivyo hivyo. Na hisia hiyo iliambatana na kuridhika kama kule mtu anakokupata akiwa na kundi lake. Wewe unayekula chakula cha jioni peke yako kwenye chumba cha kupanga, usilidharau hili. Halichukui nafasi ya majirani, wala halitakuletea mtu wa kukushika mkono ukiugua. Lakini jioni moja inapita nafsi ikiwa imetulia kidogo.

Na ya tatu ni ile inayonigusa zaidi. Frodo anatoka kwao, anafanya kazi ngumu aliyotumwa, anarudi nyumbani salama. Wenzake wanaoa, wanalima, wanasahau. Yeye hawezi. Amechomwa kisu tarehe 6 Oktoba, na kila mwaka tarehe hiyo ikifika anaugua. Nyumbani kupo lakini yeye hayupo tena vile alivyokuwa. Mwishowe anapanda merikebu anaondoka. Nilimsimulia habari hii kaka mmoja kutoka Uvira, ambaye aliondoka Kongo wakati wa vita. Alikaa kimya, kisha akasema, "Na mimi nina tarehe yangu." Tulikuwa tumefahamiana miaka sita na hakuwahi kuniambia. Kwa hiyo mtu akiniambia hadithi za majoka hazihusu watu wa kweli, namwacha aseme.

Kile kitabu cha Mama Asha nacho, "Fourth Wing" cha Rebecca Yarros (2023), kina shujaa ambaye viungo vyake vinateguka ovyo, na mwandishi amesema hadharani kwamba yeye mwenyewe ana ugonjwa wa tishu unaoitwa Ehlers-Danlos. Mama Asha ana magoti mabovu. "Huyu binti anapanda joka na magoti kama yangu," aliniambia, akacheka mpaka akakohoa. Nitahadharishe tu kwamba kuna kurasa za chumbani ndani yake zisizo na pazia. Usimwachie mtoto wa darasa la saba kwa sababu umeona picha ya joka.

Usingizi, macho na mwili

Tuje kwenye yale uliyozoea kuyapata hapa. Kuna takwimu inazunguka kwamba kusoma dakika sita kunapunguza msongo kwa asilimia 68. Ilitokana na jaribio dogo la mwaka 2009 hapa Uingereza. Usiitegemee, ingawa inapendeza kutajwa.

Afadhali hii. Mwaka 2021 watafiti wa Ireland walichapisha jaribio la watu 991, waliogawanywa kwa kura: kundi moja lisome kitabu kitandani kabla ya kulala kwa wiki moja, jingine lisisome. Katika waliosoma, asilimia 42 walisema usingizi wao umekuwa mzuri zaidi. Kwa wasiosoma ilikuwa asilimia 28. Ni watu kujieleza wenyewe, hawakupimwa na mashine, na tofauti si muujiza. Lakini ni dawa isiyo na madhara na haina foleni.

Kitabu kiwe cha karatasi ukiweza. Jaribio la Boston lililochapishwa mwaka 2015, la watu 12 tu lakini lililosimamiwa kwa makini, lilionyesha kwamba waliosoma kwenye kioo chenye mwanga kabla ya kulala walichelewa kupata usingizi kwa takriban dakika kumi, na melatonini, homoni inayouambia mwili usiku umeingia, ilichelewa kwa saa moja na nusu. Na kioo cha simu kina shangazi ndani yake, hilo hawakulipima.

Wewe wa shifti za usiku: ukifika nyumbani, simu ibaki jikoni. Pazia zito, taa ndogo ya kitandani, kitabu. Na nikufundishe hila moja niliyoipata kwa kuumia: usiache kusoma mwisho wa sura. Waandishi hawa ni wajanja, mwisho wa sura ndipo wanapoweka mtego, na utajikuta saa sita mchana unasema "moja tu tena". Acha katikati ya sura, pale watu wanapokula au wanapopanda farasi. Vitabu vya sauti ni vizuri wakati wa kupika, ila ukiendesha gari baada ya shifti, sauti ya kubembeleza na usingizi havipatani kabisa.

Riwaya inapogeuka kuwa shimo

Kila tamu ina kipimo. Kama barua zimelundikana mlangoni hazijafunguliwa na wewe uko kitabu cha saba, hapo hupumziki tena, unajificha. Kama unamlinganisha mwenzi wako na wanaume wa vitabuni, kumbuka huyo Rochester alimficha mke darini! Mumeo amekosea mengi lakini dari lako unalijua lina nini.

Na kama huzuni imekaa zaidi ya wiki mbili, huli, hulali, na hata kitabu ulichokipenda hakikuambii kitu, hiyo haitaki riwaya, inataka daktari. Hapa England unaweza kujiandikisha mwenyewe kwa huduma ya mazungumzo ya NHS bila kupitia kwa daktari wako, na unaweza kuomba mkalimani. Marekani, tangu Julai 2022, namba 988 inapokea mtu aliye kwenye hali ya kukata tamaa, usiku na mchana.

Vitabu vyenyewe visikutoe fedha. Kadi ya maktaba ya mtaa ni bure hapa Uingereza na sehemu nyingi za Marekani na Kanada, na programu ya Libby inakuwezesha kuazima kwenye simu, ikiwa pamoja na vitabu vya sauti. Maduka ya hisani yanauza riwaya kwa bei ya chapati. Kiingereza kikikusumbua, riwaya ya mapenzi ni mwalimu mzuri kuliko kitabu cha sarufi, kwa sababu utalitafuta neno kwa kutaka kujua kama alimkubali au alimkataa. Na ukitaka Kiswahili, agiza "Vuta n'Kuvute" ya Shafi Adam Shafi (1999), mapenzi ya Yasmin na Denge katika Zanzibar ya ukoloni, au umwombe anayekuja kutoka nyumbani akuchomekee kwenye begi kati ya dagaa na unga. Usitegemee mwisho wa Mills & Boon, lakini utasikia harufu ya Mji Mkongwe.

Mama Asha sasa yuko kitabu cha tatu. Analala saa tano, siku nyingine sita. Maktaba wamemwambia nakala zote zimeazimwa na yeye ni mtu wa 14 kwenye foleni, kwa hiyo wiki hii nimempa "Jane Eyre" ajishikize. Jana amenipigia simu saa nne asubuhi, amekasirika kweli kweli, ananiuliza huyu binti anaondokaje bila hata kufunga chakula.